Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Jinsi Nilivyochagua Chelezo Changu

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nimeitumia methali hii katika insha tangu nikiwa shule ya msingi, na sikumbuki mwalimu aliyeninyima alama kwa ajili yake. Hata hivyo, ndugu msomaji, nakiri kwamba sikuielewa barabara hadi asubuhi moja ya msimu wa kaskazi nilipokuwa mita 12 chini ya maji, si mbali na kisiwa cha Wasini, nikipaa bila hiari yangu, huku vazi nililolinunua ili lininusuru ndilo linaloniburura. Makala haya ni masimulizi ya vazi hilo, na ya mtu mmoja ambaye hakupata kulivaa.

Nilizaliwa na kulelewa karibu na Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Mtoto wa huko hujifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma. Lakini kuogelea si kuzamia, na katika nyumba yetu neno "kuzamia" halikutajwa kwa sauti ya juu. Sababu ilikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mnamo mwaka 1999 tajiri mmoja alifika kijijini akitafuta vijana wa kuzamia majongoo ya bahari, yale yanayokaushwa na kuuzwa Mashariki ya Mbali. Aliwaletea mitungi ya hewa na mipira ya kupumulia, basi. Hakuleta mwalimu, hakuleta kipima kina, wala hakuleta chochote cha kumwezesha mzamiaji kutulia katikati ya maji. Mtungi ulifungwa mgongoni kwa kamba ya katani. Kiunoni mjomba alijifunga vyuma chakavu vya kumshusha. Alipotaka kupanda alivifungua vyuma vile, akavitia kamba vivutwe na wenzake waliokuwa chomboni, naye akapaa kama kifuu kilichoshindiliwa majini kisha kikaachiwa.

Alizama hivyo mara nne au tano kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu. Siku moja alipanda chomboni, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa, na alipotaka kuinuka miguu ikakataa. Haijamtii tena hadi leo. Kijijini ilisemwa kwamba amepigwa na shetani wa bahari. Alifukizwa ubani, akanyweshwa kombe. Hospitalini, alikofikishwa siku ya tatu, alipewa dawa za maumivu. Tajiri alihamia kijiji kingine akiwa na mitungi yake. Mama yangu naye aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayetia kichwa majini akiwa amebeba mtungi mgongoni.

Fursa ya kukivunja kiapo hicho ilinijia kwa njia ya lugha. Nilipokuwa nikiandaa tasnifu ya uzamili kuhusu msamiati wa wavuvi wa Shimoni na Wasini, nilikutana na mkuu wa kituo kimoja cha kufunzia uzamiaji. Kituo hicho kilikuwa kimeanza kuwafunza vijana wa vijijini ili wawe waelekezi wa wageni katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, lakini maelezo yote ya usalama yalikuwa kwa Kiingereza. Vijana waliyakariri kama kasuku. Tuliafikiana kwamba mimi nitayatafsiri maelezo hayo kwa Kiswahili, nao watanifunza kuzamia bila malipo. Vifaa vingine wangeniazima, ila vazi la kuelea nilitafute mwenyewe, kwa kuwa yaliyokuwapo hayakuitosha idadi ya wanafunzi.

Nilimwendea mama kuomba ruhusa, naye akanyamaza. Aliyejibu ni mjomba, akiwa ameketi kwenye kitanda chake cha kamba kibarazani.

"Mwache ende, dada. Huyu amesoma. Akajue n'nini kilon'pata."

Basi nilikwenda nikiwa na kazi mbili: kutafsiri, na kujua kilichompata mjomba.

Ukurasa wa kwanza ulinikwamisha. Ulizungumzia vazi ambalo wenyewe hulitaja kwa herufi tatu tu za Kiingereza. Nilijaribu "jaketi la hewa," nikalifuta, kwa sababu hewa haimo humo daima. Nilijaribu "jaketi okozi," nikalifuta pia. Jaketi okozi tunalijua. Huvaliwa na abiria wa vyombo, na kazi yake ni moja, kumweka mtu juu. Vazi la mzamiaji lina kazi tatu. Humweka juu anapongoja chombo, humruhusu kushuka anapolitoa hewa, na humtuliza katikati ya maji, hapandi wala hashuki. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo mama ya uzamiaji.

Nilitambua kwamba siwezi kulitafsiri jambo ambalo silijui linavyofanya kazi. Nikaanza kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Hiyo ni kanuni ya Archimedes, tuliyoikariri sekondari. Lita moja ya maji ya bahari ina uzani wa zaidi kidogo ya kilo 1. Kwa hivyo kila lita ya hewa inayoingia katika kibofu cha vazi humpunguzia mzamiaji takribani kilo 1. Hapo mambo ni mepesi. Ugumu unakuja kwa sababu hewa hubanwa na kina. Juu ya maji tunabebeshwa uzito wa anga peke yake. Katika mita 10 mbano huo huwa mara mbili, katika mita 20 huwa mara tatu. Lita 2 za hewa zilizomo vazini katika mita 20 huwa lita 3 ukifika mita 10, na huwa lita 6 ukifika juu. Mzamiaji aliyeanza kupanda bila kuitoa hewa hupanda kasi zaidi, na kadiri anavyopanda kasi ndivyo hewa inavyozidi kutanuka na kumpandisha. Hewa iliyomo mapafuni nayo hutanuka vivyo hivyo, ndiyo maana mzamiaji hukatazwa kabisa kuzuia pumzi wakati wa kupanda.

Kuna jambo jingine ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Mtu akikaa kwenye kina, naitrojeni huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Akipanda polepole hutoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda kwa ghafla, hasa baada ya kuzama mara nyingi kwa siku, hufanya mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda inayofunguliwa kwa pupa. Mapovu hayo yakitokea kwenye uti wa mgongo, miguu hufa ganzi. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Nilimwona mjomba akiomba maji ya kunywa.

Nilisoma pia historia ya vifaa hivi. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, waliunda kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kwa kiasi anachohitaji kila avutapo pumzi. Wazamiaji wa miaka ile hawakuwa na vazi la kuelea. Walijipima kwa vipande vya risasi kiunoni na kwa pumzi kifuani. Ni katika miaka ya 1960 ndipo vazi lenye kibofu lilipoanza kuenea, kutokana na kazi ya Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy. Lilivaliwa shingoni na kuning'inia kifuani. Katika miaka ya 1970 likaja lile linalovaliwa kama kizibao, ambalo wanagenzi wengi hulianzia hadi sasa. Nilipiga hesabu. Mjomba alishushwa baharini mwaka 1999 akiwa na vifaa vya mwaka 1943, bila elimu waliyokuwa nayo watu wa 1943.

Mintarafu ya kuchagua, mkufunzi wangu alinieleza kwamba mavazi haya ni ya aina tatu kuu. Ya kwanza ni jaketi lenyewe, ambalo kibofu chake huzunguka mbavu na tumbo. Humweka mtu wima anapofika juu, na ndiyo sababu wanagenzi hulipenda, ingawa likijaa sana hubana kifua. Ya pili ni vazi ambalo hewa yake yote hukaa mgongoni. Humlaza mzamiaji sambamba na maji kama samaki, lakini juu ya maji humsukuma kifudifudi iwapo amelijaza kupita kiasi. Ya tatu ni bamba la chuma lenye mikanda, na nyuma yake kibofu kiitwacho bawa. Hulingana na mwili wowote, na uzito wa bamba hupunguza risasi zinazobebwa kiunoni, ila humtaka mtu awe na subira ya kujipima na kuifunga mikanda sawasawa. Hakuna aina iliyo bora kwa kila mtu. Swali la kwanza, aliniambia, si "Lipi zuri?" bali ni "Mwili wangu ukoje, na nitazama wapi?"

Mimi sikuuliza swali hilo. Nilitazama bei kabla ya kuutazama mwili wangu. Mjini Mombasa nilimpata mtu aliyekuwa akiuza jaketi lililokwisha kutumika, jeusi, lenye mifuko mingi na pete nyingi za kuning'inizia vitu. Alitaka shilingi 15,000, ilhali jipya lilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Lilikuwa kubwa, nami ni mtu mwembamba. Nikajiambia kuwa kubwa ni salama kuliko dogo, kwamba litabeba hewa nyingi, na kwamba hewa nyingi ndiyo uhai. Mkufunzi alilitazama akatikisa kichwa.

"Bwana mwalimu, hili ni la mtu wa kilo 100."

"Nitakaza mikanda," nikamjibu.

Alinikagua, akakibonyeza kitufe cha kuingizia hewa mara mbili, kikaitika. Aliniruhusu kushuka naye kwa sharti la kutoachana umbali wa mkono. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Jaketi langu sikuliazima, lakini liliundwa kwa maungo mengine.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa maangavu, kama yalivyo aghalabu wakati wa kaskazi. Tulishuka kando ya mwamba wa matumbawe. Katika mita 12 nilihisi ninazama zaidi ya nilivyotaka, kwa kuwa nilijifunga risasi nyingi mno, kosa jingine la wanagenzi wanaodhani kwamba uzito ni utulivu. Nikabonyeza kitufe kuingiza hewa kidogo. Nilipoondoa kidole, kitufe hakikurudi. Baadaye tulikuja kuona kwamba chumvi ilikuwa imeganda ndani yake. Aliyekuwa nalo kabla yangu hakuwa akilisuuza kwa maji matamu. Hewa iliendelea kuingia. Jaketi likafura, na kwa kuwa lilinipwaya, lilipanda mwilini hadi likanifika masikioni. Mtungi ukapinda upande wa kushoto ukinivuta nao. Nilitafuta kamba ya vali ya kutolea hewa iliyo begani, lakini bega la jaketi halikuwa tena juu ya bega langu. Lilikuwa kisogoni, na mkono haukulifikia.

Nilianza kupaa. Niliuona mwamba ukididimia chini yangu. Sikumbuki kuwaza kifo. Nilichokiwaza ni kitanda cha kamba kibarazani, na kwamba kwetu sasa vitakuwa viwili.

Mkufunzi alinidaka mguu. Kwa mkono wa pili aliuchomoa mpira unaoingiza hewa jaketini, kisha akavuta kamba ya vali ya chini, ile iliyo karibu na nyonga, ambayo hata sikuwa nimekumbuka kwamba ipo. Hewa ikatoka kwa kishindo cha mapovu. Aliniashiria nitoe pumzi, nami nikatoa. Tulisimamia takribani mita 5. Alinishika hapo kwa muda ulionionea mrefu kuliko somo lolote nililowahi kuketi darasani, ndipo tukapanda taratibu. Tulipofika chomboni aliniketisha, akaniangalia macho, akaniuliza kama naihisi miguu. Niliihisi. Niliikunja na kuikunjua mpaka tulipofika nchi kavu.

Jioni ile sikula. Kesho yake nilirudi kituoni nikasema nataka kufunzwa kuchagua upya. Nayaandika hapa niliyofunzwa, kwa kuwa huenda mmoja wenu akayahitaji.

Kwanza, vazi la kuelea huchaguliwa likiwa limevaliwa, juu ya nguo zile zile utakazozamia nazo. Mikanda ikikazwa, mtu akiyavuta mabega ya vazi kwenda juu, yasipande ila kidogo sana. Kisha lijazwe hewa mpaka mwisho, nawe uvute pumzi ndefu. Likikubana usiweze kujaza mapafu, si lako. Pili, kila vali ifikiwe na mkono bila kutafuta. Fumba macho uishike ya bega, uishike ya nyonga, ushike na mpira wa kuingizia hewa. Usipozipata ukiwa umefumba macho juu ya ardhi, hutazipata chini ya maji ukiwa na hofu. Tatu, ukubwa wa kibofu si uhai. Katika bahari yetu ya vuguvugu, ambako mzamiaji huvaa nguo nyembamba, kibofu cha kuinua kilo 10 hadi 15 humtosha mtu wa kadiri. Cha zaidi ya hapo ni chumba cha hewa kuhamahama ndani yake na kukuyumbisha. Nne, vazi lililokwisha kutumika si haramu, lakini likaguliwe na fundi: lijazwe hewa lilale usiku kucha, na asubuhi itazamwe kama limenywea. Vitufe vibonyezwe si mara mbili bali mara 20. Na likishakuwa lako, lisuuzwe kwa maji matamu kila siku ya kuzama, nje na ndani.

Tano, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali, vazi hurekebisha tu. Utulivu wenyewe hutokana na uzito uliopimwa na pumzi iliyofunzwa. Nilipimwa upya karibu na gati: vazi likiwa tupu na pumzi ikiwa ya kawaida, maji yanapaswa kunifika usawa wa macho, na nitoapo pumzi nizame. Risasi zangu zilipungua kutoka kilo 10 hadi 6. Katika hizo kilo 6 imo akiba ya mwisho wa safari, kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 uliojaa hubeba hewa ya takribani kilo 3, na mzamiaji hupanda akiwa amekwisha kuivuta sehemu kubwa, hivyo huwa mwepesi kuliko aliposhuka. Nilipopimwa vyema, nilishangaa kuona hewa inayohitajika vazini ni kidogo mno. Nikivuta pumzi ninainuka kwa kiganja, nikiitoa ninashuka kwa kiganja. Sikuyakanyaga tena matumbawe, ambayo kisigino kimoja cha mwanagenzi huweza kuyavunja na kuyaacha yachukue miaka kumea.

Hatimaye nililiuza lile jeusi kwa fundi aliyetaka vipuri vyake, nikamweleza ila yake bila kuficha. Nilinunua jaketi dogo, jepesi, lenye mifuko miwili tu. Halikuwa jipya, lakini nililivaa na kulivua mara tano kabla ya kutoa fedha.

Siku niliyolipata nililipeleka kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. N'nini hicho?"

Nililiweka mapajani mwake. Alilipapasa kama apapasavyo wavu, akitafuta palipochanika. Nilimwonyesha mahali pa kuingizia hewa nikapuliza kwa mdomo. Likavimba mikononi mwake. Nikavuta kamba ya vali, likanywea. Aliniomba nirudie. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Hichi ni chelezo."

Nilimwomba aeleze. Akasema wazee wake waliuita hivyo ubao mwepesi au kibuyu kilichofungwa kwenye kamba ya nanga au ya mshipi, kielee juu kionyeshe palipo na kitu chini. Ndugu msomaji, nilikuwa nimehangaika miezi miwili nikiunda istilahi, ilhali neno lilikuwa limeketi kibarazani kwetu. Nilipofunua kamusi nililikuta: chelezo, boya, kitu kielezacho, na pia mahali vyombo vinapotengenezewa. Lakini sikuwahi kulisikia darasani, wala sikuliuliza katika hojaji zangu za utafiti, kwa kuwa mjomba hakuwa tena "mvuvi" kwa mujibu wa vigezo vya sampuli yangu.

Kisha nilimweleza habari ya naitrojeni. Sikutumia neno hilo. Nilituma mtoto dukani akanunua soda, nikaitikisa, nikaifungua taratibu, hewa ikatoka kwa sauti nyembamba bila povu kumwagika. Nikaitikisa tena nikaifungua kwa ghafla. Povu likatumwagikia sote wawili. Nikamwambia ndivyo damu inavyofanya mtu akipanda haraka baada ya kukaa chini sana. Nikamwambia kwamba lau angekuwa na chelezo, na mtu wa kumwambia, angeweza kupanda polepole akatulia mita 5 kwa dakika chache. Nilimwambia pia ukweli kwamba chelezo peke yake kisingemtosha, kwa sababu mara tano kwa siku zilikuwa nyingi mno.

Alikaa kimya kwa muda mrefu akifuta mikono. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hivyo si shetani," mjomba akasema.

"Si shetani, mjomba."

"Na yule tajiri, yeye alijua?"

Swali hilo sikuweza kulijibu. Wala sidhani kwamba alilitarajia jibu. Kwa miaka yote ile alikuwa akijilaumu kwamba alimkosea mwenyewe wa bahari kwa kuchukua vingi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kumweleza mwili wake ulifanyiwa nini.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kujadili vitenzi. Hebu tukitazame kitenzi "elea." Chombo huelea majini, na jambo likiwa wazi akilini husemwa kwamba limemwelea mtu. Kutokana nacho tunapata "eleza" na "elewa." Kama maana hizi mbili zina asili moja au la, nawaachia wanaisimu. Ninachokijua ni kwamba mjomba wangu alitiwa majini bila kuelezwa, akashindwa kuelea, na kilichompata hakikumwelea mtu yeyote kijijini kwa muda wa miaka mingi. Maelezo yalikuwapo. Yalikuwa yamechapishwa katika vitabu vya lugha ambayo haikumfikia.

Kwa hivyo rai yangu kwa wanachama wenzangu ni hii. Kazi ya kutafsiri tusiihesabu kuwa ni ya riwaya na tamthilia pekee. Kuna karatasi nyingi nchini zinazosubiri Kiswahili kilicho wazi: maelezo ya dawa za mimea, ya mitambo ya jua kali, ya majaketi ya kuelea. Na kabla ya kuziundia istilahi, twende tukaulize vibarazani, hata kwa wale ambao vigezo vyetu vya utafiti vinawaacha nje. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na anayeunda huanza kwa kujua mti umeota wapi.

Tafsiri niliimaliza kabla ya kusi kuanza kuvuma. Niliisoma yote kwa mjomba kabla ya kuikabidhi kituoni, ukurasa kwa ukurasa, naye akisahihisha. Alikataa "mtungi wa hewa iliyoshindiliwa". Akasema mtungi wa hewa watosha. Alikubali "chelezo." Tulipofika sehemu ya kupanda, iliyokuwa ukurasa wa 9 kama ilivyokuwa katika Kiingereza, alinikatiza.

"Hiyo mbona yaja nyuma hivyo? Kijana atakuwa ashachoka kusikiza. Itie mbele."

Nikaihamisha. Sasa kijana yeyote anayefunzwa kituoni hapo hukuta maneno haya mwanzoni kabisa mwa ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la kifaa chochote: panda polepole, na usizuie pumzi.